Modeli za gari za mbio hapa Unguja: yasemwayo na yalivyo

"Mtu mzima na akili zake, anachezea vigari!" Pita Vikokotoni na kisanduku cha modeli kwapani, hilo ndilo la kwanza utakalorushiwa barazani. Tulimalize upesi. Kazi yenye wembe, tina na vipande vidogo kuliko punje ya mchele si mchezo wa mtoto. Mtoto mpe gari ya kopo, ataiburuta mtaani na haitavunjika.

Linaloharibu kazi za watu hasa ni kudhani kuwa gundi ni gundi tu. Mtu hukimbilia supaglu kwa kuwa kila duka la Darajani linayo. Modeli nyingi ni za plastiki ya polistaireni, na gundi yake maalumu haibandiki juu juu: huyeyusha kidogo plastiki ya pande zote mbili, ikikauka vimeshakuwa kitu kimoja. Supaglu yenyewe hushika kwa unyevu, nao kwetu umejaa tele. Hukamata hujawahi kukinyoosha kipande, kisha mvuke wake hutua kwenye kioo cha mbele na kuacha ukungu mweupe. Kioo kitie gundi nyeupe ya mbao. Ikikauka haionekani, na ikizidi kabla ya kukauka unaifuta kwa kitambaa kibichi.

Halafu kuna wanaosema rangi nzito ndiyo inayong'aa. Pigeni hesabu, jamani. Kwa kipimo cha 1/20, rangi yenye unene wa milimita 0.1 ni sawa na milimita 2 kwenye gari ya kweli. Ribiti zote zimeshazama. Puliza tabaka jepesi, ngoja, puliza jingine.

Na rangi ikitoka na weupeweupe, lawama humwendea muuza duka: "Kaniuzia feki." Mwulize kwanza alipuliza lini. Tina ikipaa hewani huondoka na joto la uso wa plastiki. Uso ukipoa, mvuke wa hewa ya masika, ambayo unyevu wake mara nyingi hupita asilimia 80, hugeuka umande juu ya rangi mbichi. Si feki hiyo, ni Aprili. Subiri siku kavu, puliza kuanzia saa nne asubuhi jua likishakaza, na jioni usiguse kopo.

Nembo nazo si stika za kubandua. Hulowekwa majini, zikilegea zinatelezeshwa mahali pake. Ila maji ya visima vyetu hupita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, na yakikauka huacha alama. Kinga maji ya mvua, utumie hayo.

Kuhusu rangi zenyewe, si kweli kwamba gari za zamani zote zilikuwa nyekundu. Nyekundu ilikuwa ya Italia, kijani ya Uingereza, buluu ya Ufaransa. Lotus 49, gari ya Kiingereza ya mbio za Formula One, ikiendeshwa na Jim Clark, ilishinda Zandvoort, Uholanzi, tarehe 4 Juni 1967 ikiwa kijani na mstari wa manjano. Mwaka 1968 timu ile ile ikavaa nyekundu, nyeupe na dhahabu za kampuni ya sigara. Kwa hiyo amua kwanza unaunda gari ya mashindano yapi, ndipo ununue rangi.

La mwisho: "Injini ya nini kuihangaikia, nani ataiona?" Kwenye Lotus 49 kila mtu ataiona. Nyuma ya dereva hakuna fremu. Injini ya Cosworth DFV, silinda 8, imefungwa moja kwa moja kwenye bodi, iko wazi, na ndiyo inayobeba mitambo ya magurudumu ya nyuma. Ikikaa upande, na ekseli nzima inakwenda upande. Kabla ya gundi, ishikize kwa utepe wa karatasi, weka gari juu ya kipande cha kioo, uchungulie kwa usawa wa meza. Gurudumu moja likining'inia, piga msasa mahali injini inapokutana na bodi, kidogo kidogo, mpaka yote manne yatue. Waya za plagi, nane, ziache mpaka hapo; za shaba nyembamba kutoka waya mkuukuu wa simu zinatosha.