Kabla hujachoma magnesiamu, gonga goti

Wauguzi wapya wakiletwa wodi ya wazazi huwa nawauliza swali moja kabla ya yote: magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba, inatoka mwilini kwa njia gani? Wengi hunijibu dozi. Dozi wanayo kichwani kama sala: gramu 4 kwenye mshipa, gramu 10 kwenye makalio, tano kila upande, kisha 5 kila baada ya saa nne mpaka zitimie saa 24 tangu mama ajifungue au tangu degedege la mwisho. Nafurahi wakiijua. Lakini swali langu bado halijajibiwa.

Inatoka kwa mkojo, karibu yote. Ini haliigusi. Na kifafa cha mimba chenyewe huumiza figo, kwa hiyo mama anayeihitaji sana dawa hii ndiye pia anayeweza kushindwa kuitoa. Dozi iliyomfaa saa kumi jioni inaweza kumlemea usiku, bila mtu yeyote kukosea kipimo.

Hilo nililijua kwa macho yangu miaka ya mwanzo kazini. Nilikabidhiwa zamu: mama kitanda cha nne, amejifungua kawaida jioni, dozi ijayo saa nane usiku. Saa nane ilipofika nikavuta dawa, nikaenda. "Mama, geuka kidogo nikuchome." Hakugeuka. Alinijibu kwa ulimi mzito, kope zimemshuka. Nikadhani ni uchovu wa kujifungua. Nilipoinama kusogeza shuka nikauona mfuko wa mkojo: umelala bapa, chini kuna kidogo chenye rangi ya chai ya rangi. Mililita 50 hazikufika, na mfuko ulimwagwa mara ya mwisho saa nne usiku. Chati ya mkojo ilikuwa tupu tangu jioni.

Nikaweka bomba kwenye trei. Nikagonga goti la kulia, nikitazama kama mguu utaruka: kimya. La kushoto: kimya. Nikahesabu pumzi dakika nzima nikiwa na mkono juu ya kifua chake. Kumi na moja. Daktari akaja, tukampa oksijeni, na kalisiamu glukoneti gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, polepole kwenye mshipa huku tukisikiliza moyo. Baada ya dakika chache alifumbua macho, akauliza mtoto wake yuko wapi.

Kwa nini goti? Neva huamrisha msuli kwa kumwaga asetilikolini, kemikali inayoupelekea msuli ishara, na ili imwagike, kalisiamu lazima iingie kwanza kwenye ncha ya neva. Magnesiamu huziba njia hiyo. Ndiyo sababu refleksi za mama, yaani ule mruko wa mguu goti likigongwa, huanza kulegea, na ndiyo sababu kalisiamu ndiyo dawa ya kumrudisha. Kiwango cha magnesiamu cha kutibu kwenye damu ni kama 4 hadi 7 kwa kipimo cha milikwivalenti kwa lita. Kikikaribia 10 goti hunyamaza. Kikivuka 12 misuli ya pumzi nayo inachoka, na kikizidi sana moyo husimama. Nilikofanya kazi, maabara haikuwa na kipimo hicho. Nyundo ndogo ya mpira ndiyo ilikuwa maabara yetu, nami naiamini mpaka leo kwa sababu goti hutangulia pumzi.

Kwa hiyo kila kabla ya dozi ya kuendeleza: refleksi zipo, pumzi ni 16 au zaidi kwa dakika, mkojo si chini ya mililita 30 kwa saa kwa saa nne zilizopita. Kimoja kikikosekana, dozi inasubiri na daktari anaitwa. Angalizo moja: mama aliyepasuliwa kwa ganzi ya mgongoni, goti lake halitajibu hata kama magnesiamu iko sawa. Gonga kano ya mkono, mbele ya kiwiko.

Vichupa navyo havifanani, soma kila kimoja. Asilimia 50 maana yake nusu gramu kwa kila mililita, hivyo kichupa cha mililita 10 kina gramu 5. Ukitaka gramu 4 za mshipani kwa asilimia 20, vuta mililita 8 za asilimia 50, ongeza maji ya sindano mililita 12. Ile ya asilimia 50 usiisukume mshipani bila kuichanganya. Na mwambie mama mapema kwamba atasikia joto mwilini, pengine na kichefuchefu, asije akaogopa.

Dawa hii imestahili nafasi yake. Utafiti mkubwa wa mwaka 1995 ulionyesha inazuia degedege lisirudi vizuri zaidi kuliko diazepamu na fenitoini, na ule wa 2002, wenye wanawake zaidi ya 10,000, ulionyesha inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu kwa wenye dalili za awali za kifafa cha mimba. Ila haitibu presha. Nimeona presha ya 170 kwa 110 ikiachwa "kwa sababu yuko kwenye magnesiamu". Huyo bado anahitaji haidralazini, nifedipini au labetaloli. Akiwa pia kwenye jentamisini, mtazame kwa ukaribu zaidi, kwani nayo hulegeza mawasiliano ya neva na msuli, tena huumiza figo.

Kalisiamu ikae kwenye trei ileile ya magnesiamu, si kabatini ambako ufunguo anao mtu aliyekwenda kula. Na ikiwa mama hajajifungua, mwambie anayempokea mtoto dozi ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Magnesiamu huvuka kondo, na mtoto anaweza kuzaliwa amelegea, pumzi zake hafifu. Mfuko na barakoa ya kumpulizia viwe tayari mezani kabla mama hajaanza kusukuma.