Simu ikiwa na kioo cheusi, anza na waya

Simu nyingi zinazorundikana kwa mafundi wa Usita wa Mui, hapa Lamu, zina betri inayoshika chaji, kioo kizima na laini inayosoma. Zilichokosa ni masasisho. Mtengenezaji ameziacha, programu mpya zinakataa kuingia, na mwenye simu anaambiwa anunue nyingine. Mifumo huria inaweza kuziongezea miaka: LineageOS iliyoanza mwishoni mwa 2016, Ubuntu Touch ambayo UBports waliichukua 2017 baada ya Canonical kuiacha, na postmarketOS iliyotangazwa mwaka huohuo juu ya Alpine Linux. Lakini hakuna mfumo unaoingia simu mpya wenyewe. Kwa kila modeli lazima mtu wa kujitolea akae aandike vifaa vyake vimeunganishwa vipi.

Nitaeleza kazi hiyo kwa postmarketOS, kwa sababu ya bando. Kukusanya LineageOS kutoka mwanzo ni kupakua zaidi ya gigabaiti 100. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo kinachoongoza vifaa vya simu, ukiichukua kwa `git clone --depth 1`, bila historia yake, ni mamia machache ya megabaiti.

Usichague simu kwa jina lililo kwenye boksi. Chagua kwa chipu. Unganisha simu na kompyuta kwa waya; amri `adb shell getprop ro.board.platform` itakuonyesha. Snapdragon 410 na 845 zimeshughulikiwa na watu wengi, na ukikwama utakuta faili inayoeleza vifaa vya simu ya jamaa yake (devicetree) uilinganishe na yako. Simu za bei nafuu zilizojaa madukani kwetu aghalabu ni MediaTek au Unisoc, na huko njia bado nyembamba. Kabla hujatoa pesa tazama kama chipu yako imo ndani ya `arch/arm64/boot/dts`, folda ya faili hizo, kwenye kerneli ya sasa. Kama haimo, hiyo si kazi ya kujifunzia. Kitu cha pili ni msimbo wa kerneli ya mtengenezaji. Linux iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2, kwa hiyo anayekuuzia simu yenye kerneli hiyo anawajibika kukupa msimbo wake. Muandikie, mtajie modeli kamili pamoja na herufi za mwisho, na usione haya kukumbushia.

Pata simu mbili za modeli moja ukiweza. Moja ibaki na mfumo wake wa asili ili uchungulie ndani yake kila ukikwama. Chunga sana vioo vilivyobadilishwa. Modeli moja huweza kutoka kiwandani na paneli za aina mbili au tatu, na kioo cha spea huweza kuwa na chipu ya mguso tofauti kabisa na ya asili. Kwenye simu nyingi za Snapdragon za zamani jina la paneli limo ndani ya `/proc/cmdline`, baada ya maneno `mdss_mdp.panel`. Liandike mapema. Bila jina hilo utasumbuka na draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, ambayo haina kosa lolote, kumbe imeandikiwa kioo kingine.

Sasa nakala. Hapa sikubali njia ya mkato. Kwenye Qualcomm, waundaji wa Snapdragon, toa nakala ya patisheni (vigawanyo vya hifadhi ya simu) za `modemst1`, `modemst2`, `fsg` na `persist`. Kwenye MediaTek toa `nvram`, `nvdata`, `protect1` na `protect2`. Toa pia `boot`. Piga `sha256sum` kwa kila faili, kisha uziweke sehemu mbili tofauti. Ndani yake kuna IMEI na vipimo vya redio vya simu hiyo pekee. Vikifutika simu haishiki mtandao, na huwezi kuazima za simu nyingine: ni IMEI ya mwingine, na sheria ya Kenya inakataza kubadilisha IMEI. Kumbuka pia kwamba kufungua butiloda, programu ya kwanza inayowasha simu na kupakia kerneli, kunafuta picha na ujumbe wote wa mwenye simu, kwa hiyo mwambie kabla hujagusa.

Ukishafungua, endesha `pmbootstrap init` kwenye kompyuta; `pmbootstrap` ndiyo zana ya postmarketOS ya kujenga na kusakinisha. Itakuuliza mtengenezaji, jina la ndani la simu na aina ya prosesa, kisha itaomba faili ya `boot` uliyotoa. Mpe, usijaze kwa kukisia. Humo ndimo inamosoma anwani za kumbukumbu na ukubwa wa ukurasa, ambao mara nyingi ni 2048 au 4096. Ukikosea hapo, simu inarudi kwenye nembo au kwenye fastboot (hali ya butiloda ya kupokea amri kwa waya) bila kusema neno. Endelea na `pmbootstrap kconfig check`, halafu `pmbootstrap install`. Jaribio la kwanza lifanye kwa `pmbootstrap flasher boot`, inayopakia kerneli kwenye RAM bila kuandika chochote kwenye simu. Butiloda nyingine zinakataa amri hiyo. Hapo ndipo utaandika kwenye patisheni.

Hapa ndipo wageni wengi wanapokata tamaa. Kioo ni cheusi, basi wanasema haikuwaka. Mara nyingi imewaka. Draiva ya paneli ni miongoni mwa mambo magumu zaidi katika kazi yote, kwa hiyo kioo hakifai kuwa shahidi wako wa kwanza. Shahidi wa kwanza ni waya. Kwenye kompyuta fungua `dmesg -w`, inayoonyesha logi ya kerneli papo hapo, uwashe simu, utazame. Ikitokea kadi mpya ya mtandao wa USB, kerneli imefika ndani ya initramfs, mfumo mdogo wa muda unaotangulia mfumo kamili, na simu inapatikana kwa anwani 172.16.42.1. Ukiwasha debug-shell ya initramfs utaingia kwa `telnet` hata kabla mfumo haujafunguka, usome `dmesg` ya simu yenyewe.

Waya usipoonyesha kitu, anza kushuku waya. Hewa yetu ya chumvi inakula tundu la chaji. Ukungu wa kijani kwenye pini unaleta dalili zilezile za kerneli mbovu. Safisha kwa brashi laini na spiriti ya isopropili, simu ikiwa imezimwa, uache ikauke. Badilisha waya. Hamia tundu la USB 2, maana fastboot husumbua kwenye baadhi ya matundu ya USB 3.

Bado kimya? Weka `clk_ignore_unused pd_ignore_unused` kwenye mstari wa amri za kerneli. Linux huzima saa na umeme wa sehemu ambazo hakuna draiva iliyoziomba, na mara nyingine inajikatia umeme wa sehemu inayoitegemea. Ikiwaka baada ya hapo, umejua ugonjwa uko wapi. Njia nyingine ni `ramoops`: kerneli inaandika logi kwenye kipande cha RAM, unawasha upya bila kuchomoa betri, kisha unaisoma chini ya `/sys/fs/pstore` kwenye mfumo unaofanya kazi. Anwani na ukubwa lazima zilingane pande zote mbili. Ya mwisho ni UART, njia ya simu ya kutoa logi kwa maandishi, yaani kulehemu nyaya kwenye ubao na kusoma kwa kasi ya 115200. Simu nyingi hapo hutumia volti 1.8. Adapta za bei rahisi ni za volti 3.3 au 5, na zinaweza kuua chipu. Nunua inayochagua volti 1.8, au weka kibadilisha volti katikati.

Kioo unaweza kukipata kwa njia fupi kabla ya draiva. Butiloda ikionyesha nembo, imeshawasha paneli na kuacha picha mahali fulani kwenye RAM. Tafuta anwani hiyo kwenye faili ya vifaa iliyo ndani ya msimbo wa mtengenezaji, mara nyingi chini ya `cont_splash`, uiandike kwenye faili yako kama `simple-framebuffer`, inayoifanya kerneli ichore palepale. Upana wa mstari ni pikseli mara baiti za kila pikseli: kioo cha upana wa pikseli 720 chenye baiti 4 kinataka 2880, chenye baiti 3 kinataka 2160. Ukikosea hapo herufi zinalala upande kama mkeka uliosukwa ukapotea hesabu. Ukiona hivyo furahi, maana anwani ni sahihi na kilichobaki ni hesabu.

Vifaa vingine vinafuata kimoja kimoja: vitufe, hifadhi, mguso, Wi-Fi, chaji, modemu, sauti, na kamera mwisho. Volti usikisie hata mara moja. Zinakiliwe kutoka faili ya mtengenezaji, kima cha chini na cha juu, kwa sababu volti ya ziada inaunguza hifadhi na haitengenezeki. Vipimo vya joto viingie mapema. Simu isiyojijua imepata moto haitapunguza kasi, na mchana wa Februari hapa kisiwani hauisaidii.

Kuna jaribio ambalo watu wa ng'ambo hawalijui, na ni juu yetu kulifanya: M-Pesa. Modemu ikishakubali kupiga na kupokea, tuma `*334#` kwa `mmcli --3gpp-ussd-initiate`. Jibu likirudi, USSD, yaani huduma ya namba za nyota, inafanya kazi. Lakini menyu iliyo ndani ya laini ni kitu kingine, na ndiyo inayotumika muuzaji akikutumia ombi la kulipa linalotaka PIN. Ijaribu peke yake. Kama haifanyi kazi, iandike wazi kwenye ukurasa wa simu hiyo, kwa sababu mvuvi wa Matondoni akikabidhiwa simu isiyolipa, umempokonya pochi.

Ukituma kazi yako kwenye kerneli, gawanya viraka vidogo, kila kimoja na jambo moja na `Signed-off-by` yako. Pitisha `checkpatch.pl` na `make dtbs_check` kabla ya kutuma, na umpate anayehusika kwa `get_maintainer.pl`. Utarudishiwa na masahihisho. Huo ni utaratibu wa kawaida kwa kila mtu. Kwenye orodha ya vinavyofanya kazi, kifaa ambacho hukukijaribu kiandikwe hakijajaribiwa.