Mbio za mapigano si kila gari lenye rashasha

"Mjomba, kaa hapa, hizi ni mbio za kiama." Mpwa wangu akanikabidhi pedi ya kuchezea gemu la video, nikakaa. Gari langu lilikuwa limechomelewa mabati milangoni na rashasha juu ya paa. Nikakanyaga mafuta hadi mwisho, nikakata kona ya kwanza, ya pili, macho yakitafuta mshale wa kunionyesha njia. Nilipopita kwenye mnara uleule wa maji kwa mara ya tatu ndipo nikang'amua kwamba njia haipo. Ulikuwa uwanja uliozungushiwa ukuta, na wenzangu wote walikuwa nyuma yangu wakinimiminia risasi, wakishangaa huyu mzee anakimbilia wapi.

Si mara ya kwanza kusikia jina hilo la "mbio" likitumiwa ovyo, lakini ni mara ya kwanza kulipigiwa risasi. Kwa haraka, basi: mbio za mapigano ni gemu la kuwahi kufika, ambamo ni ruksa kumpiga mpinzani njiani. Ukiongeza "za baada ya kiama", unasema mbio hizo zinafanyika katika dunia iliyokwisha kuanguka, yenye miji iliyogeuka magofu, barabara zilizomezwa na mchanga na magari ya kuungaunga. Post Apocalyptic Mayhem la mwaka 2011 ni mfano wa wazi, jina na mambo yake vyote.

Tatizo ni kwamba watu wakiona gari na bunduki, neno "mbio" huwatoka lenyewe. Chukua Twisted Metal la mwaka 1995. Magari yana makombora, madereva wana vichaa vyao, na anayebaki mzima peke yake ndiye mshindi. Hakuna mizunguko ya kuhesabu wala mstari wa kukata. Hilo ni pambano la magari, aina kamili inayojitegemea, na halipungukiwi heshima kwa kutoitwa mbio.

Katika mbio, silaha ni mtumishi wa nafasi. Uko wa pili, mzunguko wa mwisho, kombora limebaki moja. Wa kwanza yuko mbele yako urefu wa magari mawili, na wa tatu anakunusa bampa. Ukirusha sasa utampata, lakini kona inakuja, gari lake litakaa kingamo barabarani, nawe unaingia hapo hapo kwa kasi ileile. Ukisubiri kona iishe, huenda wa tatu akakuwahi na la kwake. Uwanjani huwazi hayo yote, unarusha. Ndiyo maana katika mengi ya magemu ya mbio gari lililolipuliwa hurudishwa barabarani baada ya sekunde chache. Adhabu yake ni muda uliopotea, kwa sababu muda ndio unaogombewa.

Wanaobisha huwa nawapeleka kwenye Super Mario Kart ya mwaka 1992. Ndiyo, lile la magamba ya kobe na maganda ya ndizi. Ni mbio za mapigano bila shaka yoyote, ingawa hakuna dunia iliyoanguka popote. Na ndani yake mmetengwa sehemu nyingine ya mapambano, ambako mnafungiwa uwanjani kila mtu na maputo yake matatu, akipasuliwa yote ametoka. Waliolitengeneza walijua ni vitu viwili, wakaviweka kwenye milango miwili. Carmageddon la mwaka 1997 ndilo linalosimama katikati: unaweza kushinda kwa kumaliza mizunguko, au kwa kuwavunjavunja wapinzani wote, au kwa kuwagonga wapita njia wote. Hapo nakubali mtu aite anavyotaka.

Na hilo neno kiama. Limetoka Kiarabu, qiyama, kwenye mzizi wa kusimama: ni siku ambayo wafu watainuka na kusimama kuhukumiwa. Mzizi huohuo umetupa kaimu, anayesimama badala ya mwingine, na makamu, ambalo kwa asili ni mahali pa kusimama. Kwa hiyo kaimu mkurugenzi na kiama ni ndugu wa damu, jambo ambalo baadhi ya wafanyakazi wamelijua kitambo. Waingereza nao wanatumia "apocalypse", neno lililotoka Kigiriki, lenye maana ya kufunua, lilelile ambalo katika Biblia yetu limekuwa Ufunuo. Moja ni kuinuka, jingine ni kufunuliwa, na hakuna kati yao lililoanza na maana ya maangamizi. Maafa yalipandishwa juu yao baadaye.

Maana hiyo ya maafa nimeizoea, siigombi. Ninachogombea ni ile "baada" inayodondoshwa. Gemu haliwi la kiama kwa sababu vitu vinalipuka. Kiama chake kilipita kabla hujashika pedi. Katika Rage la mwaka 2011, ambalo ni gemu la kufyatuliana risasi lenye mbio ndani yake, asteroidi Apophis, jiwe kubwa la angani, inaipiga dunia mwaka 2029, nawe unaamka zaidi ya miaka 100 baadaye. (Jiwe lenyewe lipo kweli, na Aprili 2029 litapita karibu nasi bila kutugusa.) FUEL la mwaka 2009 lina dunia iliyoharibiwa na mabadiliko ya tabianchi, lina mbio kwenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 14,000, na halina risasi hata moja. Hilo ni la baada ya kiama. Lililokosekana ni mapigano.

Kwa hiyo, mpwa wangu, siku ukiniita tena sema tu, "Mjomba, njoo tupambane." Nitakuja, na safari hii nitageuza gari mapema.