Picha za Mithila: Kutoka Ukutani Hadi Kwenye Karatasi

Mithila ni eneo lililoko kaskazini mwa jimbo la Bihar, India, likivuka mpaka hadi Nepal. Huko wanawake wamechora kuta za nyumba za udongo kwa vizazi, hasa chumba cha maharusi kiitwacho kohbar ghar: yungiyungi, mianzi, samaki na kobe, alama za uzazi na baraka. Ukuta ukikandikwa upya, picha hufunikwa, nyingine ikachorwa juu yake.

Tetemeko la Januari 1934 lilipobomoa nyumba, afisa wa kikoloni William Archer aliziona picha hizo kwenye kuta zilizoachwa wazi. Ila kilichozitoa ukutani ni ukame wa miaka ya 1966 na 1967. Msanii Bhaskar Kulkarni alitumwa kugawa karatasi ili wanawake wachore na kuuza. Sita Devi wa kijiji cha Jitwarpur alisifika kwa bharni, mtindo wa kujaza rangi nzito. Ganga Devi kwa kachni, wa mistari myembamba. Wanawake wa jamii ya Dusadh, waliobaguliwa kwa tabaka lao, walileta godna, iliyotokana na michoro ya kuchanjwa ngozini. Anayesimulia sanaa hii bila godna ameacha sehemu kubwa ya habari.

Karatasi ina masharti yake. Wengi huipaka kwanza maji ya samadi ya ng'ombe, yakiwa mepesi kama uji wa mgonjwa. Yachuje mara mbili kwa kitambaa cha pamba, la sivyo nyuzi za majani zitanasa ncha ya kalamu na wino utavuja.

Weusi hutokana na masizi. Masizi yana mafuta, kwa hiyo huelea juu ya maji. Yasage kwanza kwa gundi ya mgunga (sehemu 1 ya gundi kwa 2 za maji, iliyolowekwa usiku kucha), ndipo uongeze maji kidogo kidogo. Gundi ikipungua, rangi hubaki kidoleni. Ikizidi, rangi hupasuka karatasi inapokunjwa.

Chora mistari miwili sambamba kuzunguka kila umbo, ukaijaze nafasi iliyo katikati kwa vistari vifupi vya mshazari. Subiri ikauke kabisa kabla ya kutia rangi, kwa kijiti cha mwanzi kilichozungushiwa pamba.

Rangi ya njano itokanayo na bizari ya manjano ndiyo huwaponza wengi. Inang'aa siku ya kwanza, lakini jua huifubaza upesi, na ikigusana na chokaa au sabuni hugeuka nyekundu. Nili, rangi ya buluu ya mmea, huhimili mwanga zaidi. Kwa sababu ya kufubaa huko, wachoraji wengi sasa hutumia rangi za akriliki za dukani, na hilo haliipunguzii picha uhalali. Ukinunua, sogeza jicho karibu na ile mistari miwili: vistari vya mkono havilingani, na wino huwa mzito pale kalamu ilipotua.