Anza na habu, usukani utafuata: kufunga usukani mpya kwenye Datsun 240Z

Wengi wanaokuja gereji kwangu hapa Nyakato, Mwanza, na usukani mpya mkononi wameanzia mwisho. Wameuona kwenye simu: mbao inang'aa, miguu mitatu ya alumini yenye matundu, bei imeshuka. Hela wametuma, mzigo umekuja na basi kutoka Dar, na sasa wanataka niufunge kabla jua halijazama. Mimi nauliza swali moja tu: habu iko wapi? Kimya.

Habu ninayoisema si ile ya tairi. Ni kile kipande cha katikati ambacho upande mmoja kinavaa kwenye shafti ya stelingi, na upande wa pili kinapokea skrubu za usukani. Kufunga usukani wenyewe ni kazi ndogo sana. Habu ndiyo inayoamua kama honi italia, kama indiketa itajirudisha, kama usukani utakaa katikati, na kama kifua chako kitapona siku utakayokutana na ng'ombe usiku pale Kisesa.

Mfano wangu leo ni Datsun 240Z, gari la michezo la Nissan, kwa sababu ipo moja ndani ya gereji, mali ya mzee mmoja wa Ilemela. Gari hili si geni Afrika Mashariki. Lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, likashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ng'ambo ya ziwa letu. Mwaka huo Mehta alimaliza sawa kwa pointi na Harry Källström, naye akiwa ndani ya Datsun nyingine, ikabidi kanuni zitafute mshindi. Magari hayo yalitoka kiwandani bila pawa stelingi. Na la kwako halina. Kumbuka hilo kabla hujachagua ukubwa.

Usukani wa asili wa gari hili ni mpana na mwembamba, wenye sura ya mbao. Jua la Mwanza, digrii mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, haliupendi: unapauka, unapasuka nyufa ndogondogo, mwishowe unanata mkononi. Kwa hiyo sababu ya kuubadilisha ipo. Ila watu wakishapata nafasi ya kubadilisha wanakimbilia udogo. Ukitoka kipenyo cha milimita 400 kwenda 350, mikono inahitaji nguvu zaidi kwa karibu asilimia 14 kugeuza tairi zilezile. Ukishuka hadi 330, ni asilimia 21. Barabarani hutahisi kitu. Nenda kapaki Mwaloni Kirumba siku ya soko, katikati ya mikokoteni ya dagaa, na tairi pana za mbele, halafu uniambie.

Wapo wanaosema usukani mdogo unafanya gari likate kona haraka. Reki, ule mtambo wa chini unaogeuza tairi za mbele, ni ileile na mizunguko ni ileile. Kilichopungua ni umbali ambao mkono unasafiri. Hisia inabadilika, hilo nakubali, na hata mimi naipenda. Kwa 240Z inayotumika mjini naona 360 au 370 panatosha. Halafu kaa kwenye kiti, shikilia usukani pale utakapokuwa, uangalie geji. Saa ya spidi na ya mizunguko ya injini ni duara mbili kubwa mbele yako, na duara dogo la usukani linaweza kupita katikati yake hasa. Mtu mrefu na mtu mfupi hawaoni kitu kilekile, kwa hiyo usinunue kwa kuangalia gari la rafiki yako.

Kina nacho kina neno lake. Kuna usukani bapa na kuna ulioingia ndani kama bakuli, na juu ya hapo habu inaongeza urefu wake. Mgongo na mabega yakiwa yameegemea kiti, nyoosha mkono juu ya usukani: kifundo cha mkono, yaani pale unapovaa saa, ndicho kifike juu ya duara. Kama vidole tu ndivyo vinavyofika, uko mbali. Kama ni katikati ya mkono, uko karibu mno na utachoka mabega kabla ya kufika Magu.

Sasa tuje kwenye habu yenyewe, maana hapa ndipo hela inapopotea. Lazima ilingane na vitu viwili ambavyo havijuani: meno ya shafti ya gari lako, na matundu ya usukani wako. Meno yanategemea gari na mwaka wake, na duka likikuambia "hii inaingia Nissan zote", ondoka. Matundu yanategemea mtengenezaji. MOMO, Sparco na OMP hutumia skrubu sita kwenye duara la kipenyo cha milimita 70. Nardi na Personal nao ni skrubu sita, lakini kwenye milimita 74. Kwa macho huoni tofauti, kwa sababu kila tundu limehama milimita mbili tu. Milimita mbili hizo ndizo zinazowaponza watu. Skrubu moja inaingia, ya pili inaingia kwa shida, ya tatu inagoma, na fundi mwenye haraka anachukua tupa ya mviringo na kuanza kupanua. Tundu likishakuwa yai, usukani unashikiliwa na msuguano wa vichwa vya skrubu basi. Pleti ya kuunganisha 70 na 74 inauzwa, na bei yake haifikii bei ya kosa hilo. Mtu akiniletea tupa namrudishia na usukani wake.

Kuna pia wanaopenda njia ya mkato: kukata kitovu cha usukani wa zamani na kukichomelea kwenye pleti ya chuma. Nasema hapana bila maelezo marefu. Uchomeleaji unapindisha, na kitu kilichopinda pale katikati utakiona kinacheza mbele ya macho yako kila unapokata kona. Na siku kikiachia, hutakuwa na kitu cha kushika.

Uliza pia habu imetengenezwaje. Tangu tarehe 1 Januari 1968 Marekani ilidai magari madogo mapya yawe na stelingi inayopunguza pigo la kifua wakati wa ajali, na 240Z ilitengenezwa ikilenga soko hilo. Habu nzuri zina sehemu nyembamba inayokubali kujikunja. Nyingine ni kipande kizima cha alumini, kizuri machoni, kigumu kuliko mbavu zako. Chagua ile inayojikunja, hata kama sura yake haina mvuto.

Kuhusu usukani feki sitakawia. Nembo iliyo kwenye kitufe cha honi haithibitishi chochote, kila mtu anaweza kuichapa. Geuza nyuma uangalie pale miguu inapoingia kwenye duara, kama kazi ni safi. Kisha shika pande mbili, sukuma huku vuta kule. Usukani wa maana haupindi kwa mikono mitupu.

Kazi inaanza kabla ya kugusa nati. Toa waya wa hasi wa betri. Geuza usukani hadi mwisho wa kulia, kisha hesabu mizunguko hadi mwisho wa kushoto, urudi nusu yake. Hapo ndipo katikati ya reki. Sasa shuka uangalie tairi za mbele. Kama zinatazama pembeni, tatizo liko kwenye tairodi, vyuma vinavyounganisha reki na tairi, na linaisha kwa alaimenti, yaani kunyoosha tairi. Watu wengi wanalifunika kwa kuhamisha usukani jino moja. Gari linaonekana limenyooka, lakini reki haiko katikati, kona ya upande mmoja inakata kuliko ya pili, na indiketa inarudi mapema upande mmoja na kuchelewa upande mwingine. Isitoshe, meno hayakupi nafasi ndogo unayoitaka. Shafti yenye meno 36 inahama digrii 10 kwa kila jino. Usukani uliopinda digrii nne hauponi kwa jino, unapona chini ya gari, kwa kurekebisha tairodi zote mbili kwa kiasi sawa.

Reki ikiwa katikati, toa kifuniko cha honi na uchore mstari wa rangi unaopita kwenye ncha ya shafti na kitovu cha usukani. Legeza nati, lakini usiitoe. Iache imeshika nyuzi chache. Usukani uliokaa miaka hamsini hauachii taratibu. Unagoma, unagoma, halafu unachomoka wote kwa mkupuo mmoja, na uso wako ndio ulio karibu. Nati ikibaki pale itaudaka.

Gari la mzee wa Ilemela lilikuwa limekaa karibu na maji miaka mingi, na unyevu wa ziwa ulikuwa umeingia kwenye meno. Tulipulizia dawa ya kutu tukaiacha ilale. Kesho yake bado. Mzee akaona spana zimepumzika akapoteza uvumilivu.

"Ng'wanawane, si ugonge kidogo tu na nyundo?"

"Hapana, mzee wangu. Nikigonga ncha ya shafti naua kitu ambacho hukioni."

Kwenye stelingi nyingi za aina hii shafti ni vipande viwili vinavyoingiana, vikishikiliwa na pini za plastiki. Zimewekwa ziwe laini kwa makusudi, ili zikatike siku ya ajali na shafti iingie ndani badala ya kukuchoma kifua. Nyundo haijui tofauti ya ajali na fundi. Pini zikikatika, shafti inaanza kucheza mbele na nyuma, na hakuna atakayejua hadi siku mbaya. Tumia pula, kifaa cha kuchomolea, ukaze kidogo kidogo huku msaidizi akitikisa usukani kulia na kushoto. Ule wa mzee ulitoka kwa mlio mmoja mkavu, nati ikaudaka, naye mwenyewe akacheka.

Safisha meno kwa brashi laini ya shaba. Habu mpya iingie kwa mkono. Ikihitaji kulazimishwa si ya gari hili, na ikicheza pia si ya gari hili.

Kabla ya kuikaza, tazama mgongo wake. Kuna vijino au pini zinazosukuma kirudisha indiketa, na lazima zikae palepale zilipokuwa zile za zamani. Kuna pia pete ya shaba ya honi. Katika magari mengi ya zamani kitufe cha honi hakipeleki umeme, kinapeleka ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari. Ukikibonyeza, waya wa rilei, ile swichi inayowasha honi, unapata bodi na honi inalia. Kwa hiyo kitufe kipya chenye ncha mbili kinataka waya mmoja kutoka kwenye pete na mwingine kutoka kwenye chuma cha habu. Watu wanasahau huo wa pili. Na hata ukiufunga, ethi hiyo inashuka kwenye shafti hadi kwenye jointi ya mpira kule chini, na mpira haupitishi umeme. Ndiyo maana pale huwa kuna kiwaya kidogo kinachoruka mpira. Kikikatika honi inakufa, na lawama zote zinaenda kwa usukani mpya. Pima kwanza kiwaya hicho kabla hujafungua kitu kingine. Honi ikilia yenyewe unapokata kona, kinyume chake ndicho kimetokea: kuna waya unaogusa chuma, au pete haijakaa sawa.

Nati ya katikati inakazwa kwa namba iliyo kwenye kitabu cha gari, kwa spana ya kupimia. Mashine ya upepo isikaribie. Na usiache kufuli ya stelingi ndiyo ipokee nguvu ya spana, maana ni kidude chembamba na kinavunjika. Mtu ashike usukani. Skrubu sita za nje zikazwe kwa kuvuka, hii kisha ya mkabala wake, kwa alanki fupi na nguvu ya kiganja tu. Zile ni ndogo na zinaingia kwenye alumini. Ukiua nyuzi, umeua habu.

Kagua nafasi kati ya habu na kifuniko cha stelingi: vizunguke bila kusugua, mwisho hadi mwisho. Kisha toka. Mimi napita barabara ya Musoma hadi Igoma, nikijaribu honi usukani ukiwa umenyooka na ukiwa umekatwa hadi mwisho, indiketa zote mbili, na kuachia kidogo baada ya kona nione kama unarudi wenyewe. Baada ya wiki moja gari lirudi, nikague nati na skrubu tena.

Vijana wa Toyota Altezza na Mark X mtaniwia radhi. Mle ndani kuna eabegi, na ukiutoa usukani ule umetoa mfuko uliowekwa kuokoa uso wako. Kazi hiyo sifanyi, hata kwa bei ya kunishawishi.

Mzee alitaka usukani wa zamani tuutupe kwa wanaonunua vyuma chakavu pale nje. Nimemfungia kwenye blanketi pamoja na nati na kifuniko cha honi, nikamwambia auweke chini ya kitanda, si darini chini ya bati. Mnunuzi wa 240Z anayejua anachokitafuta atauliza usukani wa asili kabla hajauliza injini.