Bonasi haikuongezei umiliki, lakini hisa za haki zinaweza kukupunguzia

Wanahisa wengi hushangilia hisa za bonasi, zinazotolewa bure, na kuiweka kando barua ya hisa za haki, inayowaalika kununua hisa mpya. Ningependa iwe kinyume chake.

Chukua kampuni yenye hisa 1,000,000, zako zikiwa 10,000, yaani asilimia 1. Bei sokoni ni 500. Ikitoa bonasi ya hisa moja kwa kila nne, unaongezewa 2,500 bila kulipa. Lakini kila mwanahisa naye ameongezewa kwa uwiano uleule: hisa zote sasa ni 1,250,000, na 12,500 zako bado ni asilimia 1. Kampuni haikuingiza fedha yoyote. Imehamisha tu kiasi kutoka kwenye akiba kwenda mtaji wa hisa, vitabuni. Kwa hesabu, bei inashuka hadi 400. Ulikuwa na mali ya 5,000,000, na bado unayo hiyohiyo.

Hisa za haki ni habari nyingine. Hapa kampuni inatafuta fedha taslimu, na inawapa wanahisa waliopo nafasi ya kwanza ya kununua, kwa kawaida chini ya bei ya soko. Tuseme kampuni ileile, badala ya bonasi, inatoa haki ya kununua moja kwa kila nne, kwa 300. Zikinunuliwa zote, kampuni inaingiza 75,000,000 na kila hisa, kwa hesabu, inakuwa na thamani ya 460. Ukilipa 750,000, asilimia 1 yako haitikisiki. Ukikaa kimya na wengine wakazichukua, unabaki na asilimia 0.8, na hisa zako zina thamani ya 4,600,000. Zile 400,000 zilizopungua zimewaendea waliochukua ulichokiacha.

Kukosa fedha si sababu ya kukaa kimya. Haki zenyewe, yaani nafasi hizo za kununua, zikiruhusiwa kuuzwa, kila moja ina thamani ya takriban 160 (460 kutoa 300). Uza zote, umiliki utapungua lakini zile 400,000 utazipata mkononi. Au uza 1,631 na fedha hiyo ikulipie 869 zilizobaki: utafika asilimia 0.87 bila kugusa mfuko wako. Njia hii naipenda sana, na wanaoitumia ni wachache mno.

Kwa mwenye hisa nyingi, suala linazidi fedha. Penye sheria inayodai asilimia 75 ya kura ili kupitisha azimio maalumu, yaani uamuzi mzito wa wanahisa, mwenye asilimia 26 anaweza kulizuia peke yake. Akiacha toleo kama hili limpite, anashuka hadi 20.8, na uwezo huo umekwisha.

Basi barua ikifika, tafuta kwanza kama haki zinauzika, kisha tarehe ya mwisho ya kuziuza. Mara nyingi hiyo hutangulia tarehe ya mwisho ya kulipia, na ndiyo inayowaponyoka watu.