Nairobi hadi New York: kilomita ni zile zile, saa hazilingani

Ndege ya kwanza ya abiria iliyopangiwa kwenda New York kutoka Nairobi bila kutua njiani iliondoka 28 Oktoba 2018. Kutoka Jomo Kenyatta (NBO) hadi John F. Kennedy (JFK), kwa njia fupi kabisa, ni takriban kilomita 11,840.

Dhana: Ukigawanya umbali kwa mwendo wa ndege, unapata muda wa safari.

Kilomita 11,840 kwa mwendo wa 900 kwa saa ni saa 13 na dakika 9. Ratiba inasema kama saa 15. Wala hakuna anayekudanganya. Ratiba huanza kuhesabu ndege inaposukumwa kutoka kwenye maegesho, na huacha inaposimama kwenye maegesho ya huko iendako. Foleni za ardhini, kupanda taratibu, kuzunguka mawingu ya radi na anga zenye vita, vyote vimo humo.

Halafu upepo. Hiyo 900 ni mwendo ndani ya hewa, na hewa yenyewe inatembea. Upepo wa mbele wa kilomita 80 kwa saa ukikushika safari nzima, unabaki na 820, yaani saa 14 na dakika 26 angani. Upande wa kaskazini wa njia hii, mikondo ya juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, mikali zaidi wakati wa baridi. Ndiyo maana kurudi Nairobi huchukua kama saa 14.

Dhana: Njia fupi ni ule mstari ulionyooka kwenye ramani ya ukutani.

Weka rula: mstari unapita Burkina Faso na kutokea baharini Mauritania. Sasa vuta uzi juu ya tufe. Unakwenda kaskazini-magharibi, unakatiza Sahara na kusini mwa Algeria. Nusu ya safari iko karibu na Marrakech, kisha unapita visiwa vya Azores. Ule wa rula ni mrefu kwa zaidi ya kilomita 300.

Dhana: Ndege huondoka usiku ili abiria walale tu.

Usingizi umo, lakini uwanja wa Nairobi uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini na mabawa hupata nguvu pungufu, na jua la mchana huzidisha tatizo. Usiku wa baridi huruhusu ndege kupaa na uzito mkubwa zaidi, na safari hii inataka mafuta mengi.

Dhana: Ukitoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, unapata muda wa safari.

Saa za kwenye tiketi ni za mahali husika. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8 kuanzia Novemba hadi Machi, na saa 7 miezi mingine, kwa kuwa Wamarekani husogeza saa zao. Ukiondoka Januari usiku wa manane, unafika kama saa moja asubuhi ya siku hiyo hiyo.

Mtego mkubwa kwetu ni tarehe. Tiketi ikiandika 00:30, tarehe 12, hiyo ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 12. Uwe uwanjani tarehe 11, saa tatu usiku. Ukienda tarehe 12 jioni, ndege yako imeshatua New York zamani.